Mwangwi wa Nuru

Watoto, mkisimama kando ya bonde na kuita kwa nguvu kuelekea kilima cha ng'ambo, mwangoja kidogo, kisha sauti yenu yawarudia. Huo ndio mwangwi. Kilima hakikusema neno. Kimerudisha tu sauti iliyokifikia. Na kama mwenzenu alikuwa amelala chini ya mti, asisikie mlipoita mara ya kwanza, labda ataamka kwa huo mwangwi. Hapo atajua kwamba mtu ameita, ingawa mwitaji mwenyewe amekwisha kunyamaza.

Leo tutasoma habari za mwangwi wa namna nyingine, mwangwi wa nuru. Mwitaji yuko mbali sana, katikati ya kundi kubwa la nyota ambamo jua letu limo. Aliita kwa nguvu, akanyamaza. Sisi watu wa dunia tulikuwa kama yule aliyelala: sauti ya kwanza ilitupita tusiijue. Lakini huko viko vilima vilivyoirudisha, na siku hizi wenye elimu ya nyota wanaisikia.

Tuanze na mahali penyewe. Usiku wa kiangazi, mwezi usipoonekana, mwaona juu mkanda mweupe unaopita toka upande huu wa mbingu hadi upande ule, kama moshi wa majani yaliyochomwa. Si moshi, wala si wingu la mvua. Ni nyota, nyingi mno na mbali mno, hata macho hayawezi kuzitenga moja moja. Mkanda huo huitwa Njia ya Maziwa. Jua letu ni nyota moja tu kati ya hizo, na hesabu ya zote yapita milioni elfu mia moja. Zimepangwa kama sahani kubwa, nasi tumo ndani ya sahani, mbali na kiini chake. Nuru hukimbia kilomita 300,000 kwa nukta moja. Toka jua hadi hapa hutumia dakika 8 na kidogo. Lakini toka kiini cha Njia ya Maziwa hadi hapa hutumia miaka 26,000 hivi. Someni tena namba hiyo polepole.

Sasa iko shida. Kati yetu na kiini pamejaa vumbi, vumbi jembamba kuliko unga. Mwajua jinsi gari likipita barabarani wakati wa kiangazi, hata nyumba ya jirani haionekani. Vumbi la mbinguni limetawanyika sana, lakini njia ni ndefu, na mwishowe lazuia karibu nuru yote. Nuru ya kawaida itokayo huko ukiigawa sehemu milioni mara milioni, ni sehemu moja tu inayotufikia. Mwenye darubini ya kawaida, hata iwe kubwa kama nyumba, akiielekeza huko hakioni kiini.

Lakini iko mionzi inayopita. Huenda mmoja wenu amekwisha kuvunjika mkono akapelekwa lopitali. Mganga aliuweka mkono juu ya bamba, akamwambia asitikisike, kisha akamwonyesha picha ya mifupa. Nyama ilionekana kama kivuli chepesi tu, lakini mifupa ilionekana wazi. Picha hiyo hupigwa kwa mionzi ya X. Mionzi ya X ni ndugu ya nuru. Yakimbia mbio zile zile, lakini ina nguvu kupita nuru, na macho yetu hayaioni. Aliyeivumbua ni Mdachi Wilhelm Röntgen, katika mji wa Würzburg, tarehe 8 Novemba 1895. Kwa kuwa hakujua ni mionzi ya namna gani, aliipa herufi X, kama tufanyavyo katika hesabu tukitafuta namba tusiyoijua. Mwaka ule ule alipiga picha ya mkono wa mkewe, na mifupa ya vidole ikaonekana pamoja na pete. Mwaka 1901 alipewa zawadi ya Nobel ya fizika, naye ndiye mtu wa kwanza kuipata.

Basi mionzi ya X yenye nguvu hupita katika vumbi la Njia ya Maziwa kama ipitavyo katika nyama ya mkono. Mtu mwenye macho ya X angeweza kutazama mpaka kiini.

Shida ya pili iko hapa hapa kwetu. Hewa tunayoivuta huinywa mionzi yote ya X itokayo juu. Ni vizuri hivyo, kwani mionzi hiyo ikizidi hudhuru mwili. Lakini anayetaka kuitazama hana budi kupandisha vyombo vyake juu ya hewa. Kwa sababu hiyo elimu hii bado ni changa. Tarehe 18 Juni 1962 Riccardo Giacconi, mzaliwa wa Italia, na wenzake walirusha roketi huko New Mexico, Marekani. Walitaka kujua kama mwezi watoa mionzi ya X ukipigwa na jua. Roketi ilikaa juu ya hewa dakika chache tu. Mionzi ya mwezi hawakuipata, lakini walipata jambo wasilolitafuta: mionzi mingi ikitoka mbali kabisa, upande wa nyota za Nge. Katika elimu huwa hivyo mara nyingi. Mtu huchimba mihogo akaokota almasi. Giacconi naye alipewa zawadi ya Nobel, mwaka 2002.

Baada ya roketi zile za dakika chache ikaja satelaiti, yaani chombo kinachoizunguka dunia siku nyingi bila kuanguka. Satelaiti ya kwanza iliyotengenezwa kwa ajili ya mionzi ya X peke yake ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970. Haikurushwa toka Ulaya, wala toka Marekani. Ilirushwa toka baharini karibu na Malindi, nchi ya Kenya, juu ya jukwaa la chuma la Waitalia liitwalo San Marco. Siku hiyo Wakenya walikuwa wakikumbuka uhuru wao walioupata mwaka 1963, na Wamarekani wenye satelaiti wakaipa jina la Kiswahili: Uhuru. Ninyi hamhitaji kufasiriwa jina hilo. Wanafunzi wa Ulaya huhitaji. Satelaiti Uhuru iliandika mahali 339 mbinguni panapotoka mionzi ya X. Ilipotazama upande wa kiini cha Njia ya Maziwa, huko nako iliona mionzi.

Ni nini basi kinachong'aa huko?

Katikati kabisa liko shimo jeusi. Msifikiri ni shimo kama la kisima. Ni kitu kizito mno kilichobanwa mahali padogo, na mvuto wake una nguvu hata nuru ikiingia haiwezi kutoka. Wataalamu hulitaja kwa jina la Sagittarius A*, kwa kuwa liko upande wa nyota za Sagittarius, yaani Mpiga Upinde. Mwaka 1974 Wamarekani Bruce Balick na Robert Brown waligundua mahali pake kwa vyombo vya kusikiliza mawimbi ya redio. Baadaye Mdachi Reinhard Genzel na Mmarekani Andrea Ghez, kila mmoja na wenzake, walizifuata nyota zilizo karibu nalo kwa miaka mingi. Waliona nyota moja ikilizunguka kwa miaka 16. Kwa mwendo wa nyota walipima uzito wa kile kinachozivuta, wakakuta kina uzito wa majua milioni 4. Walipewa zawadi ya Nobel mwaka 2020. Na tarehe 12 Mei 2022 ilitolewa picha ya shimo lenyewe: pete ya mwanga, na katikati giza.

Mtoto mwenye akili atauliza: ikiwa nuru haiwezi kutoka, mwanga huo watoka wapi? Watoka nje ya mlango. Gesi inayovutwa na shimo hulizunguka kwanza kabla ya kuanguka, kama maji yanavyozunguka katika mdomo wa mrija wa kumiminia mafuta. Katika kuzunguka hujisugua na kupata joto jingi mno, ikang'aa. Shimo likipata chakula kingi, hung'aa sana. Likikosa chakula, hufifia. Hilo la kwetu siku hizi linafunga. Satelaiti Chandra ya Marekani, iliyorushwa mwaka 1999, hulitazama kwa mionzi ya X na kuona mwanga hafifu tu. Mara moja kwa siku hivi huwaka kidogo, kama moshi wa tambi ya taa iliyopulizwa, kisha hurudia hali yake.

Kulizunguka shimo kuna gesi ya moto. Mmekwisha kumwona mfua chuma akifanya kazi. Chuma kikianza kupata moto huwa chekundu, kisha njano, kisha karibu cheupe. Joto likizidi, nuru hubadilika na kuwa yenye nguvu zaidi. Sasa wazieni joto la nyuzi milioni 10 na zaidi: hapo kitu hakitoi nuru nyekundu wala nyeupe tu, bali mionzi ya X. Ndivyo ilivyo gesi ya kiini. Imepata joto kwa nyota kubwa zilizopasuka, na kwa upepo mkali utokao katika nyota nyingine. Gesi hiyo yang'aa yenyewe, kwa joto lake, kama chuma cha mfua chuma. Katika hilo hakuna fumbo kubwa.

Fumbo liko katika mawingu. Huko huko karibu na kiini kuna mawingu makubwa ya gesi na vumbi, na mawingu hayo ni baridi kali, kiasi cha nyuzi 170 chini ya sifuri au hata zaidi. Mojawapo huitwa Sagittarius B2. Lina uzito wa majua milioni kadhaa, nalo liko mbali na shimo jeusi mwendo wa nuru wa miaka mia tatu na zaidi. Kitu baridi namna hiyo hakiwezi kutoa mionzi ya X kwa joto lake, kama vile chuma kilicholala nje usiku kisivyoweza kuunguza mkono. Hata hivyo mionzi ya X ilionekana ikitoka humo.

Mwaka 1993 Mrusi Rashid Sunyaev na wenzake, kwa vyombo vya satelaiti Granat, waliona mionzi hiyo, wakatoa wazo la ajabu. Walisema: mawingu haya si taa, ni kama mwezi. Mwezi hauna moto wake. Sisi tunauona kwa nuru ya jua iliyoupiga na kugeuka. Basi, walisema, huenda zamani shimo jeusi lilikuwa likiwaka kwa nguvu, na mionzi yake ndiyo tunayoiona sasa katika mawingu. Mwaka 1996 Mjapani Katsuji Koyama na wenzake walitangaza waliyoyaona kwa satelaiti yao ASCA. Waliona katika wingu la Sagittarius B2 alama ya chuma.

Alama ya chuma ni nini? Vumbi la wingu lina chembe za chuma, kama udongo mwekundu wa kwetu. Kila chembe ndogo kabisa ya chuma ina elektroni zilizokaa kwa safu, kama ninyi mnavyokaa katika mabenchi ya darasa. Mionzi ya X yenye nguvu ikiingia, humfukuza aliye katika benchi la mbele kabisa. Mara wa benchi la nyuma hurukia nafasi ile, na katika kuruka atoa mwonzi wa X wenye kipimo chake hasa. Chuma baridi hutoa mwonzi wa kipimo cha 6.4, lakini chuma kilicho katika gesi ya moto hutoa wa 6.7. Tofauti ni ndogo, lakini vyombo vizuri huiona. Gesi ya moto ilitoa 6.7. Mawingu yalitoa 6.4. Kwa hiyo chuma cha mawingu kilikuwa baridi kweli, na kitu cha nje ndicho kilichokipiga.

Hata hapo si wote waliokubali. Wengine walisema, labda si mionzi ya shimo iliyoyapiga mawingu, bali ni elektroni zenye mbio nyingi zirukazo katika mbingu, kwani nazo zaweza kumfukuza yule wa benchi la mbele. Neno lao halikuwa la kipumbavu. Mimi naona walifanya vema kulisema, kwa maana liliwalazimisha wenzao kutafuta ushahidi.

Ushahidi wa kwanza ulikuwa wakati. Mtu akiita mara moja, mwangwi hauendelei siku nzima, huja, ukapita. Elektroni zilizotawanyika katika wingu kubwa haziwezi kuzimika zote kwa miaka michache. Satelaiti Integral ya Ulaya ililitazama wingu la Sagittarius B2 toka mwaka 2003 hadi 2009, na mng'ao wake ukawa unashuka mwaka kwa mwaka.

Ushahidi wa pili ulishangaza zaidi. Mwaka 2010 Mwitalia Gabriele Ponti na wenzake walilinganisha picha za miaka mingi za mawingu mengine, yaliyo karibu zaidi na shimo. Waliona mng'ao ukihama toka sehemu hii ya mawingu hadi sehemu ile, na ukihesabu mbio zake, wapita mbio za nuru! Lakini hakuna kitu kipitacho nuru kwa mbio. Ni nini basi? Fanyeni hivi usiku: shikeni tochi, mulikeni ukuta ulio mbali, kisha geuzeni mkono kidogo. Mkono umesogea kidogo tu, lakini doa la mwanga limeruka toka pembe hii ya ukuta hadi pembe ile. Hakuna kitu kilichokimbia juu ya ukuta. Ni mwanga tu unaofika hapa, kisha pale. Ndivyo ilivyokuwa katika mawingu. Elektroni haziwezi kufanya hivyo, mwangwi waweza.

Wengine walipochunguza zaidi, mwaka 2013, waliona kwamba mawingu mengine yaliwaka na kuzimika kwa miaka 2 hivi, na mengine kwa miaka 10 na zaidi. Huenda basi mwitaji aliita mara mbili.

Ushahidi wa tatu ni wa karibuni. Tuseme mnasikia mwangwi na hamjui mwitaji alisimama wapi. Sauti haiwaambii. Lakini nuru yaweza kuwaambia. Shikeni kamba ndefu iliyofungwa mtini, mwitikise: mawimbi yake yaenda juu na chini, au kushoto na kulia, kama mkono wenu upendavyo. Nuru na mionzi ya X nazo hutikisika hivyo, na kwa kawaida hutikisika pande zote bila mpango. Lakini zikipiga kitu na kugeuka, mtikisiko wake hushika upande mmoja, na upande huo waonyesha nuru ilitoka wapi kabla ya kugeuka. Mwezi wa Desemba 2021 Wamarekani na Waitalia walirusha satelaiti iitwayo IXPE yenye kazi hiyo ya kupima mtikisiko. Mwanzoni mwa mwaka 2022 ilielekezwa kwenye mawingu ya kiini siku nyingi. Mwaka 2023 Mfaransa Frédéric Marin, wa mji wa Strasbourg, na wenzake walitangaza matokeo. Katika mionzi iliyogeuka, sehemu kama 31 katika 100 zilikuwa zimeshika upande mmoja. Walipochora mstari kufuata kipimo hicho, mstari ulielekea Sagittarius A*.

Basi mwitaji amejulikana. Yule anayefunga sasa, miaka 200 hivi iliyopita aliwaka mara milioni moja kupita alivyo leo.

Hapa lazima tuhesabu vizuri, maana wanafunzi wengi huchanganyikiwa. Mambo hayo yote yalitendeka kweli miaka 26,000 iliyopita na zaidi, kwa sababu nuru ilihitaji muda huo kusafiri. Lakini mionzi iliondoka kwa njia mbili. Ile ya njia fupi ilikuja kwetu moja kwa moja. Ile nyingine ilikwenda kwanza hadi mawinguni, ikageuka huko, ndipo ikaanza safari ya kuja huku. Imezunguka, kwa hiyo imechelewa. Kuchelewa kwake ndiyo ile miaka 200.

Ile ya njia fupi ilifika lini? Mwanzoni mwa miaka ya 1800. Röntgen alizaliwa mwaka 1845. Basi ilipopita, hata mvumbuzi wa mionzi ya X hakuwa amezaliwa. Hapakuwa na roketi wala satelaiti. Hewa iliinywa yote, kama kawaida yake, na hakuna mtu popote duniani, wala hapa kwetu wala Ulaya, aliyejua kwamba kitu kimepita juu ya kichwa chake. Mionzi hiyo haiwezi kurudi. Inaendelea kwenda mbali nasi hata leo. Kama mawingu yasingekuwako, habari hii ingepotea kabisa.

Watoto huniuliza kila mara: je, likiwaka tena, litatudhuru? Haliwezi. Liko mbali mno, na lilipowaka mara ile babu za babu zetu waliendelea kulima bila kuona lolote. Wala halitatuvuta, jua letu limelizunguka toka zamani kwa umbali ule ule hivi, na mzunguko mmoja ni zaidi ya miaka milioni 200.

Mwangwi wenyewe haujaisha. Mionzi ya zamani ingali ikisambaa katika kiini, na wingu lililo gizani leo laweza kuwaka litakapofikiwa, huku Sagittarius B2 linafifia. Kwa hiyo wataalamu hurudia kupiga picha za mahali pale pale mwaka hata mwaka, wakizilinganisha.

Mkitaka kupaona mahali penyewe, ngojeni mwezi wa saba, mbingu zikiwa safi. Saa nne za usiku tokeni nje, geukeni kusini, kisha inueni macho juu sana, karibu na utosi. Mtaziona nyota za Nge, zenye mkia uliojikunja kama ndoano. Kushoto kidogo kwa mkia huo, pale Njia ya Maziwa inaponenepa, ndipo kilipo kiini, nyuma ya vumbi.